Riadha nayo ipewe saa zake, si mpira wa Uingereza pekee

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni tangu mashindano ya dunia ya riadha yaishe kule Tokyo Septemba 2025, na nikiliongea hapa mtaani watu wananiuliza kama bado niko na homa. Homa iliisha. Ninachouliza ni hivi, mbona Mkenya anajua mechi ya Arsenal inaanza saa ngapi mpaka dakika, na refa ni nani, na nani ameumia mguu, lakini Beatrice Chebet akiingia uwanjani kutafuta dhahabu ya dunia ya mita elfu kumi hakuna mtu anajua ni saa ngapi wala ni chaneli gani?

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, na Jumamosi mchana huwezi kunipata nyumbani hata ukinilipa, hiyo ndio siku wateja wanakuja kuchukua nguo za kanisa. Lakini Jumamosi ya Septemba 13 malaria ilikuwa imenishika vizuri sana. Wale wa upande wa ziwa mnaijua, jua linachoma mabati mpaka yanalia na wewe uko kwa kochi na blanketi mbili, meno yanagongana, harufu ya omena kutoka kwa jirani inakufanya utamani kufa kidogo. Daktari wa kliniki yetu Jumamosi huingia saa kumi, kwa hivyo hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na mimi nikasema kama ni kungoja basi nitangoja na Chebet.

Sasa kujua anakimbia saa ngapi, hapo ndio kulikuwa na kazi. Kwa gazeti sikuona. Kwa redio walisema tu "leo". Binti yangu akatoa ratiba kwa simu, nayo ilikuwa ya saa za Tokyo, tukaanza kutoa sita sita na kalamu nyuma ya risiti ya kitambaa, saa tatu na nusu usiku kwao, kwetu saa tisa na nusu mchana. Mgonjwa mwenye kichwa kinagonga kama cherehani ndio huyo anafanya hesabu ambayo gazeti lingeifanya kwa mstari mmoja.

Nyumbani alikuwepo pia shemeji yangu, ndugu mdogo wa mzee wangu, amekuja kutazama Arsenal na Nottingham Forest kwa sababu kwake token za stima zilikuwa zimeisha. Mechi ilianza saa nane na nusu, hakuna mtu alihitaji kutoa sita hapo, hata mtoto wa nasari alikuwa anajua. Zubimendi akafunga, shemeji akaruka, mimi nikavuta blanketi. Ilipofika hafutaimu nikamwambia, "Shem, saa tisa na nusu Chebet anakimbia." Akasema, "Shem, sekondi hafu inaanza saa hiyo hiyo." Nikamuuliza, "Mgonjwa ni nani kwa hii nyumba?" Akanipea rimoti polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anatoa sadaka asiyoitaka.

Hata hawajamaliza raundi mbili tukasikia majirani wamelipuka, Gyökeres alikuwa amefunga pale tu sekondi hafu imeanza, na shemeji akanitazama na jicho la mtu aliyeibiwa mchana peupe. Raundi 25 si mchezo kwa mtu ambaye hajazoea. "Hizi raundi haziishi?" Nikamwambia angalia, usihesabu. Angalia Gudaf Tsegay wa Ethiopia vile amekaa, angalia yule Muitaliano Battocletti anajificha huko nyuma kama mwenye deni. Ilipofika raundi ya kumi na kitu alikuwa ameacha kuuliza matokeo ya Arsenal, akaanza kuniuliza mbona Wahabeshi hawaongozi kwa nguvu, na hapo ndipo stesheni ikatukatia mbio na kutuwekea tangazo la sabuni! Mbio katikati! Mpira hawakati, hata mchezaji akilala chini dakika tatu akishika goti wanakaa naye hapo hapo, lakini dada zetu wakikimbia tunaonyeshwa povu. Kurudi, raundi zilikuwa zimebaki chache na hatukujua nani alikuwa amejaribu kutoroka na nani aliachwa. Bahati nzuri raundi ya mwisho tuliipata, Chebet akampita Tsegay, Battocletti akaja mbio akachukua fedha, dakika 30 na sekunde 37, dhahabu ya kwanza ya Kenya hapo Tokyo, na shemeji wangu wa Arsenal alikuwa amesimama juu ya stuli yangu ya kushonea.

Jioni kwa habari ya TV ile ile walionyesha nini? Mita mia za mwisho na bendera. Basi. Kutazama mita elfu kumi hivyo ni kama kualikwa harusi ukafika wakati wanaosha sufuria.

Nikapelekwa kliniki, nikadungwa kidole, kipimo kikaonyesha laini mbili, nikapewa zile dawa za vidonge vinne vinne, na daktari akanisisitizia mambo mawili, nizimeze na maziwa au kitu cha mafuta, na dozi ya pili iwe masaa nane kamili baada ya ya kwanza. Nilimeza ya kwanza saa kumi na moja na nusu jioni. Hesabu mwenyewe. Ya pili ilikuwa saa saba na nusu usiku, na mhariri, hiyo ndiyo dakika marathoni ya wanawake ilikuwa inaanza Tokyo. Wenye mashindano walikuwa wamesongesha mbele nusu saa kwa sababu ya joto, ilikuwa ianze saa mbili asubuhi ya huko ikawa saa moja na nusu. Kwa hivyo hata wale wachache waliokuwa na ratiba ya zamani walikuwa wamepotezwa. Mimi nililetwa na alamu ya dawa.

Nikakunywa maziwa, nikazima taa watoto wasiamke, nikapunguza sauti, nikatazama masaa mawili na nusu peke yangu na jasho linanitoka, manake dawa ilikuwa imeanza kazi. Niwaambie tu, kama hamkuiona mmekosa. Peres Jepchirchir wetu na Tigst Assefa wa Ethiopia waliingia uwanjani pamoja, baada ya kilomita 42 za joto, alafu wakaanza kusprinti kama wasichana wa mita mia mbili, nimeuma kona ya blanketi. Jepchirchir akashinda kwa sekunde mbili, 2:24:43 kwa 2:24:45. Na wa tatu akawa msichana wa Uruguay, Julia Paternain, ambaye alifika mstarini akawa haamini kama kweli amemaliza wa tatu, anaangalia watu hivi na hivi, nikacheka mpaka kichwa kikaanza tena.

Sasa sikiza ya dadangu wa Kakamega. Huyo ni mpenzi wa riadha kunishinda mimi. Aliona mahali wameandika marathoni ni 7:30, bila kusema ni saa za wapi, akajua ni asubuhi ya kwetu. Akaamka Jumapili, akapika chai, akatoa watoto kwa TV, akakaa na kikombe, na Jepchirchir saa hiyo medali ilikuwa imekwisha kupatikana kitambo. Alinipigia simu na hasira mpaka nikasahau kumwambia nilikuwa mgonjwa.

Jumatatu sikuwa na nguvu ya kukanyaga cherehani, nikatazama wanaume wa kuruka viunzi na maji. Pale tulipata shaba ya Edmund Serem, Geordie Beamish wa New Zealand akampokonya El Bakkali wa Morocco dhahabu dakika ya mwisho kabisa. Na hapa kuna kitu kilinishangaza. Kesho yake mtaani kila mtu alikuwa anajua tumeshindwa! Boda boda, mama mboga, kijana wa kuuza kredo, wote, ati Kenya imekwisha. Hao hao ukiwauliza Chebet alikimbia lini hawajui, Jepchirchir alishinda vipi hawajui. Habari ya kushindwa ilifika Kibuye bila mtu kutoa sita kwa risiti, ya kushinda ikakwama njiani.

Nilipona, nikarudi kazini, na ndio matatizo yakaanza, manake mzima haoni riadha. Fainali nyingi zilikuwa kati ya saa saba na saa kumi na moja mchana, watu wako kazini, na jioni hakuna marudio ya maana. Jumamosi ya tarehe 20 Chebet na Faith Kipyegon walikuwa wanamalizana kwa mita 5000, bingwa na bingwa, mbio ambayo nchi ingine ingefunga maduka, na Emmanuel Wanyonyi akafuata kwa mita 800, kijana wa hapa Trans Nzoia aliyekuwa anachunga ng'ombe, akashinda kwa 1:41.86 na Sedjati wa Algeria akiwa nyuma yake kwa kucha tu. Kwenye vibanda vya mpira huku Kondele? Liverpool na Everton.

Jumapili baada ya kanisa niliingia hoteli moja nikaagiza chai na mandazi, TV iko juu ukutani, wanaonyesha marudio ya mechi ya jana. Marudio! Nikamwomba mwenye hoteli kwa heshima, baba, hebu tuwekee Tokyo, leo kuna fainali ya mita 800 ya akina mama. Akaniambia, "Mama, wateja wangu hawajakuja kukimbia." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, jibu lilikuwa tamu. Lakini mbio yenyewe niliiona kwa simu ya boda boda hapo nje, skrini imepasuka, picha inakwama, Lilian Odira, jina la huku kwetu, afisa wa magereza, mama wa watoto wawili, anawapita Waingereza wawili karibu na mstari kwa 1:54.62 na kuvunja rekodi ya mashindano iliyokaa tangu 1983. Ndani ya hoteli walikuwa wanabishana juu ya ofsaidi ya jana.

Kenya ilimaliza ya pili duniani nyuma ya Marekani, dhahabu 7, na 6 kati ya hizo ni za wanawake, kuanzia mita 800 mpaka marathoni hawakuacha hata moja. Najua utaniambia mpira ndio unauza gazeti. Sawa, mimi pia ninauza, na kwa kazi yangu kitambaa kinachonunuliwa ni kile umening'iniza mlangoni. Kile umeficha chini ya meza hakuna mtu atakiulizia. Shemeji yangu hakuwa shabiki wa riadha saa tisa, na saa kumi alikuwa juu ya stuli, na hakuna mtu alimlipa.

Kwa hivyo ombi langu kwa gazeti ni dogo. Siku moja kabla, pale pale mnaweka mechi za wikendi, wekeni mbio za Wakenya, saa zake kwa saa zetu, asubuhi au mchana au usiku iandikwe wazi ndio dadangu asipike chai bure. Na stesheni zenye haki ya kuonyesha, kama lazima muuze sabuni, uzeni kabla ya bunduki kulia, alafu usiku saa tatu watu wakiwa nyumbani rudieni mbio nzima, si utepe peke yake.

Muda uko. Septemba 2026 kuna yale mashindano mapya ya mabingwa kule Budapest, na wale wako nyuma yetu saa moja tu, kwa hivyo mbio zao za jioni zitatupata tumekaa sebuleni, hapo hakuna kisingizio cha Tokyo. Mashindano ya dunia ya Beijing ni 2027, huko ni kutoa tano. Yule wa hoteli nitaongea naye mwenyewe, suruali zake mbili ziko kwangu hajazilipia. Wa ukurasa wa michezo nakuachia wewe.

Fundi wa nguo,
Kibuye, Kisumu