Mhariri, vichochoro vya milimani visizibwe

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo leo, nikirukaruka mnivumilie.

Mpwa wangu wa miaka 12 alikuja likizo kutoka Dodoma, akaniambia mjomba mi nataka kuona mawe ya Mwanza. Jumamosi nikampeleka kwenye jiwe la Bismarck pale ziwani kama wageni wote, tukapiga picha, dakika 5 tumemaliza. Dogo kaniangalia, "Mjomba, ndo hilo tu?" Yani niliona aibu, mana mimi nimekulia Mabatini, mawe yapo mpaka uani kwetu, alafu nampeleka mtoto kwa lile moja lenye jina la Mjerumani.

Basi Jumapili tukaamka saa 12 asubuhi tukaenda kwa miguu. Tulianza na mto Mirongo kutokea Mabatini tukawa tunashuka nao kuelekea Mlango Mmoja, na hapo sitawadanganya, kwa kiangazi hiki ni maji meusi na chupa za plastiki, dogo alishika pua njia nzima. Ila ukitembea na mto ndo unaelewa mambo ambayo kwenye daladala huyaoni. Huku na huku ni vilima vya mwamba mtupu, mvua ikinyesha jiwe halinywi maji, yote yanateremka kwa dakika chache yanakutana bondeni, na bondeni kumejaa vibanda na nyumba, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, sisi tulipita sehemu mguu mmoja uko kwenye ukuta wa mtu mwingine uko mtoni. Ikifika masika tunaanza kuulizana mafuriko yametoka wapi.

Tukaacha mto tukapanda kuelekea Isamilo. Hapa ndo raha ilipo. Njia zenyewe hakuna aliyezichora, ni watu tu wamepita miaka na miaka mpaka jiwe limekua laini kama sabuni, pengine mtu kamwaga zege akatengeneza ngazi 10, mbele yake mwingine kapanga mawe, mbele zaidi unashika mzizi wa mkuyu unajivuta. Madumu ya maji yanapanda huko, gunia za mkaa zinapanda, makochi yanapanda, niliona jamaa kabeba friji mgongoni anapiga mluzi. Mimi na raba zangu nahema. Dogo akasema labda hewa ya huku nyepesi, nikamwambia ziwa liko mita 1,134 toka usawa wa bahari na kwenu Dodoma ni karibu hapo hapo, sio hewa hiyo, ni mjomba wako na chipsi.

Juu kabisa tukakaa. Mjusi akatokea kwenye jiwe, yule wa kichwa cha pinki na mwili wa bluu ambaye watoto wa siku hizi wanamuita spaidamani, jina lake la kitaalamu ni Agama mwanzae, kabeba jina la mji wetu na wengi hatujui. Dume ndo linang'aa hivo, jike la kahawia tu. Pimbi nao wapo, ukitulia wanatoka kuota jua. Nikamueleza dogo kwamba haya mawe hakuna jitu lililoyapanga, yaliumbika chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu iliyopita, udongo ukaliwa na mvua mpaka yakabaki peke yake yamepandana. Mbele tunaona ziwa lote limetandaa, nyuma ya bonde hospitali ya Bugando kwenye kilima chake. Speke naye mwaka 1858 aliliona ziwa kutokea kilima cha huku huku, akalipa jina la malkia wake wakati wavuvi walikua wameshaliita Nyanza tangu enzi.

Sasa kilichonifanya niandike. Wakati wa kushuka njia mara tatu iligonga ukuta. Ukuta mpya, tofali bado hazijapigwa plasta, geti na kufuli. Mtu kapimiwa kiwanja, bikoni zimewekwa, na kichochoro walichopita watu tangu nikiwa mtoto kimeingia ndani ya eneo lake. Tukazunguka, tukatokea kwa bibi mmoja anaponda kokoto kivulini, tukamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akacheka, akatuelekeza. Akasema mwaka jana jirani yao alifariki, jeneza likafika kwenye ukuta kama huo likakwama, wakalipitisha juu kwa kamba kama wanashusha mzigo wa bandarini. Mwenye ukuta alikua kasafiri. Hapo nilikosa neno.

Ombi langu ni dogo mhariri, na mlifikishe kwa wahusika wa mipango miji: kwenye hili zoezi la urasimishaji wa makazi, yani kupimia watu viwanja walivyojengea bila kupimwa, wapimaji wasipime nyumba tu, wapime na njia ya miguu, iingie kwenye ramani kama barabara nyingine, hata upana wa jeneza na watu wawili. Gari huko halitafika leo wala kesho. Mtu akiugua usiku anabebwa mgongoni na njia ni hiyo moja. Na zikishatambuliwa hata mgeni wa Bismarck atapata pa kwenda baada ya ile picha, vijana wa mtaa wamtembeze walipwe.

Kokoto siwezi kumkataza yule bibi japo anavunja mawe haya haya, ndo ada ya shule ya wajukuu.

Jumapili ijayo tunapanda upande wa Bugarika. Mwandishi wenu akitaka kuja anakaribishwa, ila avae raba, sendo zinateleza.

Mjomba wa Mabatini,
Mwanza