Tofali la Getini

Chikongola, Mtwara

Swahiba,

Salamu nyingi, na shemeji mfikishie zake. Sisi hatujambo. Msimu umepamba moto, malori ya korosho yanaingia ghalani usiku na mchana, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Unasema goti linakuuma, kiuno kinakukata, na mama mdogo ameshaamua kwamba umetupiwa jini. Sikucheki. Lakini lindoni kwetu tuko sita: mmoja kiuno, watatu magoti, mmoja akivua buti nyayo zinamwaka moto, na mimi kiuno pamoja na shingo. Mchawi gani ana nafasi ya kuwazungukia walinzi wote hao?

Ni kusimama, ndugu yangu. Saa kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, juu ya zege. Daktari mmoja kijana alinieleza nikamwelewa: ukitembea, vigimbi vinasukuma damu irudi juu, ukisimama tu, damu inatuama miguuni, na misuli ya mgongo imekaza muda wote huo bila kupumzika. Mpakiaji wa magunia anatoka jasho kuliko mimi, ila akitua gunia analegea. Mzigo wangu mimi ni mwili wangu, nitautua wapi?

Tulikuwa na kiti cha plastiki, mguu mmoja tumeufunga kwa waya. Supavaiza akaja saa nane usiku, akamkuta mwenzetu kasinzia. Kesho yake kiti kikapakiwa kwenye pikipiki, kikaenda zake. Sasa tunakalia ndoo iliyopinduliwa, magoti karibu yaguse kidevu, na ukiinuka hapo mgongo unalia kama mlango wa zamani. Alilala kweli, simtetei. Lakini nimeshamwona mtu kaegemea geti wima, anakoroma.

Dawa niliyoipata ni tofali. Nimeliweka pembeni ya geti, napandisha mguu huu, baadaye ule. Jaribu uone kiuno kinavyolegea. Chini nimetandika maboksi ili buti zisigonge zege, bunduki naihamisha bega, na kila saa nazunguka ghala hata kama hakuna kilicholia. Asubuhi nikifika nyumbani nalala chali, miguu nimeiegemeza ukutani. Mama watoto siku ya kwanza alidhani nimerukwa na akili.

Hizo diklofenaki unazonunua dukani kila wiki, punguza. Zinachoma tumbo na zinaumiza figo, tena wewe una presha. Goti likivimba, au ganzi ikishuka mguuni, nenda hospitali, na umwambie daktari kazi yako ni ipi na unasimama saa ngapi, aandike. Maumivu yakithibitika kwamba yametokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anaouchangia mwajiri, si wewe.

Halafu hesabu. Sheria ya ajira ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Sisi ni saa 12 kwa siku 6, yaani 72. Angalia karatasi yako ya mshahara uniambie kama hizo 27 umeziona. Mimi zangu sijaziona.

Tumekubaliana wote sita kuandika barua kuomba kiti. Si cha kulalia, kile kirefu kama cha kaunta ya baa, mtu anakaa nusu kasimama na geti analiona. Mwenye mwandiko na maneno ni wewe tangu shule, kwa hiyo tutengenezee rasimu. Iwe ya adabu, na neno sheria usiliweke mstari wa kwanza, supavaiza ataishia hapo hapo. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, Alhamisi niko ofu, nitaipokea stendi.

Mwenzako wa jando