Nyumba zetu zimegeuzwa ofisi bila makubaliano

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kazi ya nyumbani, ambayo tangu janga la Uviko-19 inasifiwa kuwa ndiyo kazi ya kesho.

Mimi ni mhasibu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga hilo Machi 11, 2020, na hazikupita wiki mbili tukaambiwa tubebe kompyuta tukafanyie kazi nyumbani. Ilikuwa dharura, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atalipia umeme na intaneti. Kompyuta niliiweka kwenye meza ya chakula, na mpaka leo iko pale pale. Mwanangu alizoea kunyamaza kila anaponiona nimevaa visikizio. Siku moja alijikata kidole, akaja akasimama mlangoni ameshika mkono wake, damu inadondoka, anasubiri kikao kiishe. Nikikumbuka bado naumia.

Mei 2023 Shirika hilo hilo likasema dharura imekwisha. Kwangu gharama zimebaki. Mwajiri ameshaachia ile ofisi tuliyokuwa tukifanyia kazi na kodi haimsumbui tena, lakini bili ya umeme ninailipa mwenyewe. Ujumbe wa kazi unaingia saa tatu usiku, na usipojibu, asubuhi unaulizwa ulikuwa wapi. Nilikuwa nyumbani kwangu, nimelala!

Sipingi kazi ya nyumbani. Saa nilizokuwa nikizipoteza barabarani sasa ni za mwanangu, na sitaki kuzirudisha. Ninachodai ni sheria. Ureno ilibadilisha sheria yake ya kazi mwaka 2021: mwajiri anapaswa kufidia gharama za ziada za anayefanyia kazi nyumbani, na hatakiwi kumsumbua wakati wa mapumziko isipokuwa kwa dharura ya kweli. Tena jambo lenyewe si geni. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 kuhusu kazi za nyumbani mwaka 1996, miaka mingi kabla ya janga, ila nchi zilizouridhia ni chache mno.

Vyama vya wafanyakazi, ambavyo kila mara huja na hoja ya mishahara tu, vilibebe na hili. Mkataba wangu wa ajira niliusaini kabla ya 2020, na kituo cha kazi kinachotajwa humo ni ofisi ambayo haipo tena. Naomba uandikwe upya.

Mhasibu, msomaji wenu