Kioo cha kuyeyuka mwilini kipimwe kwanza kwa unyevu wa Mombasa

Mhariri,

Kila nikitaja barazani kioo kinachoyeyuka mwilini, hakosi wa kucheka, na hakosi wa kuuliza kama hakitamkata mtu matumbo. Kumbe kioo mwilini si kigeni. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Florida, Mmarekani Larry Hench alitengeneza kioo kinachoshikana na mfupa, na vioo vya jamii hiyo vinatumika hadi leo katika upasuaji wa mifupa na hata katika dawa ya meno.

Kinachotafutwa sasa ni uzi mwembamba wa kioo wa kupitisha mwanga, utakaoyeyuka mwilini baada ya kazi. Nyaya za intaneti zilizotua hapa Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, zina nyuzi za silika, yaani kioo cha asili ya mchanga, na silika ukiiacha mwilini haiendi popote, lazima itolewe. Watafiti, wakiwemo wa chuo kikuu cha Politecnico di Torino huko Italia, wametumia fosfeti, madini yenye fosforasi, badala yake, wakaichanganya na madini kama kalsiamu, magnesiamu na sodiamu. Uzi huo unaweza kupeleka mwanga mahali ambapo taa ya nje haifiki, kwa mfano kuamsha dawa inayoua seli za saratani pale tu inapomulikwa. Unapoteza mwanga mwingi kuliko uzi wa intaneti, lakini safari ya mwilini ni ya sentimita chache tu. Kazi ikiisha, maji ya mwili yanaumung'unya polepole, na madini yanayotoka ni yale yale ambayo mwili unayo. Mgonjwa aliyetoka Lunga Lunga harudi kupasuliwa mara ya pili ili uzi utolewe, wala hatafuti tena nauli na kitanda. Kwa hilo nauunga mkono.

Langu ni hili. Nilikuwa fundi wa vifaa vya hospitali hapa Pwani hadi nikastaafu, na hewa yetu naijua. Kitu kinachoyeyuka kwa maji hakingoji kifike mwilini ndipo kianze. Kioo cha fosfeti hunyonya unyevu wa hewani, uso wake ukaharibika, na mwanga ukapotea njiani. Nimefungua darubini za maabara nikakuta kuvu imetandaa juu ya lenzi kama utando wa buibui, na hicho ni kioo cha kawaida. Dawa yetu ilikuwa kuacha balbu ikiwaka ndani ya kabati usiku kucha. Stima ikipotea, basi. Vile vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu vilivyokuja na vifaa, mara nyingi nilivikuta kwenye pipa la taka, mtu kadhani ni uchafu wa kwenye boksi.

Kuua vijidudu nako kuna shida yake. Otoklevu, ambayo ndiyo tegemeo la hospitali nyingi, hutumia mvuke wa moto, na mvuke ni maji. Mionzi ya gama, njia nyingine ya kuua vijidudu, nayo hutia vioo vingi weusi, na uzi wa mwanga ukishaingia weusi una faida gani? Kwa hiyo nyuzi hizi zitahitaji kuletwa zikiwa safi tayari, ndani ya pakiti isiyopitisha hewa.

Dawa zinazokusudiwa nchi za joto hupimwa uhai wake kwenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75. Nyuzi hizi za kioo zipimwe hivyo hivyo kabla kaunti yoyote ya Pwani haijaweka sahihi ya kununua. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wanaiweza kazi hiyo bila mitambo ya ajabu: vipande vingine viwe wazi, vingine vifungwe, vyote vikae kwenye stoo isiyo na eyasii, yaani kiyoyozi, msimu mzima wa masika, na kila wiki wapime mwanga unaotoka upande wa pili. Na kamati za zabuni, kabla ya kuuliza bei, zimuulize muuzaji: pakiti ikishafunguliwa hapa Mombasa, uzi utadumu kwa saa ngapi kabla haujaharibika?

Fundi mstaafu,
Likoni, Mombasa