Mkiandika kuhusu Dorper wekeni na mvua kwa hesabu

Mhariri,

Mimi niko Njoro, Nakuru, huku juu ukielekea Mau Narok, na kurasa zenu za kilimo nazisoma sana. Lakini kuna kitu kimenikaa rohoni. Kila mkiandika kuhusu kondoo ni Dorper, Dorper, Dorper. Picha ya jamaa ameshika dume limenona, halafu hesabu inafuata, jike anazaa mara tatu kwa miaka miwili, Disemba unauza, karo imelipwa. Hiyo hesabu si uongo, kondoo anabeba mimba miezi mitano na akilishwa vizuri anaweza kuifikisha. Shida ni vile mmeacha mvua nje.

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na yule Persian wa kichwa cheusi, na walikuwa wanatafuta kondoo wa nyama wa sehemu kavu. Kavu, mhariri. Ndio maana kule Laikipia na Kajiado anafanya vizuri. Sasa mlete huku ama Molo ama Kakamega, mahali mvua ikianza Machi unaweza kufika Agosti bado umevaa gambuti, nyasi haikauki, na hapo ndipo minyoo inammaliza. Kuna ile inayonyonya damu tumboni, madaktari wanaiita Haemonchus, jike moja hutaga mayai maelfu kwa siku, yanatoka na mavi, yanaangua, halafu vibuu vinapanda kwa majani yenye umande vinangoja kuliwa. Na hao kondoo wetu wa kufungwa kamba pahali pamoja pembeni mwa barabara kila siku ndio wanameza zaidi. Mara nyingi hata haharishi. Unaona tu anabaki nyuma ya wenzake, siku mbili tatu chini ya taya kumevimba maji, asubuhi unakuta amelala na hainuki.

Mtu anakimbia agroveti anauziwa dawa ileile ya mwaka jana, anakadiria uzito kwa macho, anawapatia wote kidogo kidogo ili chupa itoshe, na hivyo ndivyo minyoo inavyozoea dawa. Ni afadhali umshike kondoo, ufungue kope la chini la jicho uangalie ndani. Ikiwa nyekundu mwache, ikianza kuwa nyeupe damu imepungua, mpatie dawa kamili. Haigharimu kitu, na watoto wangu wanajua kuifanya.

Na tuko na kondoo wetu Red Maasai, yule wa kahawia mwenye mkia mnene, ambaye watu siku hizi wanamwonea aibu ati ni mdogo. Ni mdogo kweli, sikatai. Lakini watafiti wa ILRI, lile shirika la kimataifa la utafiti wa mifugo, miaka ya 90 walifuga Red Maasai na Dorper pamoja kule Diani, Pwani, mahali pa unyevu, na huyu wetu ndiye alivumilia minyoo na vifo vikawa vichache. Sasa shida ni kumpata aliye safi. Katikati ya miaka ya 70 serikali ilisambaza madume ya Dorper kwa bei nafuu bila kuwaambia watu vile watapanga uzazi, kila mtu akapandisha tu, kizazi juu ya kizazi, na leo ukiuliza Red Maasai wa kweli unaonyeshwa mchanganyiko wa mchanganyiko.

Mimi naona kwa mtu wa eka moja mbili huku kwetu, majike wawe Red Maasai na dume awe Dorper, na wale watoto wa mchanganyiko wote waende sokoni, hata yule jike mrembo unayetamani kubaki naye. Utauliza sasa majike wapya watatoka wapi. Hapo lazima majirani waelewane, mmoja afuge dume la Dorper, mwingine la Red Maasai la kuzalisha majike wapya, mnapelekeana, na kila baada ya miaka miwili hivi mnabadilisha madume ili baba asipande binti zake. Ni ngumu kuliko kununua dume moja ukapiga nalo picha, lakini hiyo ndio kazi.

Tena hata hao Dorper wenyewe, mabroka wanatuuzia chochote cheupe chenye kichwa cheusi. Persian pia yuko hivyo! Mwangalie nyuma, ukiona mafuta yamejaa matakoni na kwa mkia huyo si Dorper safi, Dorper mkia wake ni mwembamba. Na kama bei ni ya pure, itisha karatasi za Kenya Stud Book, wale wa kusajili mifugo wa ukoo safi, akianza hadithi ndefu ondoka.

Kitu kingine ambacho sijawahi kuona mkiandika, na huku karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa: chumvi ya ng'ombe na dairy meal si ya kondoo. Zina madini ya shaba kiwango ambacho ng'ombe anakimudu, kwa kondoo inajikusanya kwa ini polepole bila dalili, halafu siku moja macho yanageuka manjano, mkojo mweusi, na amekwisha. Watu wanasema amelogwa jameni. Nunua ile chumvi imeandikwa ya kondoo.

Wazee wetu Molo walifuga Merino na Corriedale wa sufu, bei ikaanguka wakaacha, kwa hivyo sisemi turudi huko, hawa wasionyolewa ndio wanatufaa. Ombi langu ni moja, mkituma mwandishi tena kwa shamba la Dorper asije Januari wakati kila kondoo ni mnono. Aje Mei au Juni, na amuulize mwenye shamba amezika wangapi.

Mfugaji,
Njoro, Nakuru