Kanisa la Castelseprio, umri wake msiusome kwenye umbo tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kwenye ukurasa wenu wa safari mmeandika kuhusu lile kanisa dogo la Santa Maria foris portas kule Castelseprio, upande wa Varese, kaskazini mwa Italia, na nilifurahi mno maana sikutegemea kulikuta kwenye gazeti la Kiswahili, ila mlipofika kwenye umri mkasema ni la karne ya 6 na eti mtindo wa ujenzi unathibitisha, hapo ndo nikashindwa kunyamaza. Mtindo hauthibitishi hivyo jamani.

Mimi ni fundi lipu, napiga kazi hukuhuku Lombardia, na hilo kanisa nimeshaingia mara nyingi tu. Foris portas maana yake nje ya malango, na mji wenyewe uliokuwa na malango ulibomolewa na watu wa Milano 1287, kanisa likabaki. Ni jengo dogo la mawe, ndani ukumbi mmoja, halafu kuna duara tatu zimetokeza nje, moja ya altare upande wa mashariki na nyingine kaskazini na kusini, na kila duara inabana mdomoni kama kiatu cha farasi. Sasa wapo walioona umbo hilo wakasema hii imetoka Mashariki, Siria huko, kwahiyo lazima ni ya zamani sana. Lakini umbo linaigwa! Fundi akipenda kitu cha babu zake anakirudia hata miaka 300 baadae, na mwenye kazi akitaka ya kizamani unamjengea ya kizamani.

Michoro nayo ni hivyohivyo. Ilikuwa imefichwa chini ya lipu ya baadae mpaka 1944 mwanahistoria Gian Piero Bognetti alipoifumbua, na ni mizuri kiasi kwamba mara ya kwanza nilisimama pale nikasahau hata wenzangu, Maria anakunywa maji ya kujaribiwa kama ni msafi kweli, Yosefu yuko usingizini anaota, punda yuko njiani kwenda Bethlehemu, mkunga kanyoosha mkono wake uliopooza. Wengine wakatazama mkono wa mchoraji wakasema huyu ni wa karne ya 6 au ya 7 kwasababu anachora kama Wagiriki wa kale, msomi wa sanaa Kurt Weitzmann akatazama ukuta huohuo akasema hapana ni karne ya 10, inafanana na picha za vitabu vya Constantinople, mji mkuu wa Wabizanti, vya wakati huo. Wote wasomi, wote wanaangalia mtindo, na wamepishana miaka 300.

Kilichosaidia ni vitu vya kushika. Kwenye lipu yenyewe kuna maandishi ya kukwaruza yanayomtaja Arderico, askofu mkuu wa Milano aliyefariki 948. Sasa picha za aina hii rangi inapakwa lipu ikiwa bado mbichi, kwahiyo mkwaruzo uliopita juu ya rangi umekuja baadae, yaani picha ilikuwepo kabla. Halafu mbao ya paa ikapimwa kwa kaboni 14, kile kipimo cha maabara kinachokadiria umri wa mbao, ikaelekeza karne ya 9. Na hata mbao msiiamini peke yake, sisi mafundi tunajua mbao nzuri haitupwi, inatolewa paa hili inapelekwa paa lile, na ukuta unaweza kuwa na umri wake na lipu umri wake.

Najua pia UNESCO mwaka 2011 waliiweka Castelseprio kwenye orodha ya sehemu za Walongobardi, yaani watu wa Kijerumani waliotawala huku Italia miaka ya 568 mpaka 774, ila ile ni sehemu nzima na ngome yake, sio cheti cha kuzaliwa cha kila ukuta.

Mbona kwetu tunalijua hili? Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi, yaani hati ya Kiarabu ya zamani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo unaloliona leo ni ya karne ya 18.

Basi naomba toleo lijalo mrekebishe, andikeni karne ya 9 au ya 10 na kwamba ubishi bado upo. Na msomaji atakayefika pale aombe aonyeshwe yale maandishi ya kukwaruza, ni madogo, mimi nilipita mara mbili bila kuyaona.

Fundi lipu,
Varese, Italia