Joto la maji ya diskasi

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wafugaji wa samaki wa mapambo wanaowaweka diskasi katika maji ya nyuzi 24 za Selsiasi, kama wanavyoshauriwa na baadhi ya wauzaji. Samaki hawa, ambao asili yao ni bonde la mto Amazon, huhitaji nyuzi 28 hadi 30. Maji yakipoa kwa muda mrefu, hukosa hamu ya kula na kushikwa na maradhi kwa urahisi. Hata hivyo, kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo, hivyo pampu ya hewa isisahaulike. Kwetu Nairobi, ambako usiku wa Julai ni wa baridi, hita yenye kidhibiti joto si anasa. Nao samaki wa dhahabu, wapendao maji baridi, watafutiwe tangi lao.

Mfugaji wa samaki,
Nairobi